Je, Wajua? Posta Ndani ya Nyumba, Nyali

Barua pepe ni miongoni mwa huduma kongwe kabisa za mtandao, na hadi leo haina mwenyewe. Ukiwa na kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, jina la kikoa na subira, unaweza kuendesha seva yako ya barua pepe chumbani kwako Nyali, ikazungumza sawa kwa sawa na mitambo ya Google. Tatizo ni kwamba siku ya kwanza huwa haizungumzi. Hapo ndipo uhondo unapoanza, maana kila kikwazo kinachomkuta fundi wa nyumbani kina kisa chake, na baadhi ya visa hivyo vinaanzia papa hapa ufuoni kwetu.

Barua zinaibukia baharini, jirani yako

Kebo iitwayo LION2, iliyoanza kazi mwaka 2012, inatoka kisiwa cha Mayotte, inapita sakafuni mwa bahari takriban kilomita 2,700, kisha inaibukia Nyali. Wala si kebo pekee ya pwani hii ya Mombasa. TEAMS ilifika Juni 2009 kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, SEACOM ikawashwa tarehe 23 Julai mwaka huohuo, na EASSy ikafuata 2010.

Kabla ya hapo, karibu kila barua pepe ya kwenda ng'ambo ilipitia setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, ambazo hazipungui sana safari mbili za kuizunguka dunia, na zilikula kama robo sekunde. Ndani ya faiba, mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 5,000 hivi za kebo ya TEAMS zinamalizika kwa milisekunde 25. Kwa seva ya barua tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu seva mbili hujibizana mara kadhaa kabla barua moja haijapokelewa, na kila jibizano hulipa nauli ya safari nzima.

Nanga moja, nchi kadhaa

Februari 2012, meli iliyokuwa ikisubiri zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa na kuikata kebo ya TEAMS. Ilitokea siku chache tu baada ya kebo nyingine kukatika katika Bahari ya Shamu, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Mei 2024 ikawa zamu ya EASSy na SEACOM, zilizokatika kwa pamoja kusini, upande wa pwani ya Afrika Kusini. Kwa hiyo barua zikianza kuchelewa ghafla bila wewe kugusa kitu, angalia kwanza hali ya mtandao wa nchi kabla hujaanza kubadilisha mipangilio iliyokuwa sahihi tangu jana.

Stempu na waya, mwaka mmoja

Mwaka 1890 Mombasa ilipata mambo mawili kwa mpigo. Mwezi Mei kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani, IBEAC, ilitoa stempu zake za kwanza, nazo zilikuwa stempu za Uingereza zilizogongwa juu yake jina la kampuni. Mwaka huohuo ukalazwa waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Zanzibar, ambayo yenyewe ilikwisha kuunganishwa na Aden tangu 1879. Kutoka waya ule hadi faiba ya TEAMS ni miaka 119.

Nairobi hadi Nairobi, kupitia ng'ambo

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wawili waliokaa mtaa mmoja Nairobi lakini wakatumia kampuni tofauti za intaneti waliandikiana barua zilizokwenda kwanza Ulaya au Marekani ndipo zirudi. Kampuni za Kenya zilikuwa hazina mahali pa kukutana. Zikajenga pa kwao, KIXP, Novemba 2000. Pakafungwa kwa amri baada ya majuma machache tu, pakafunguliwa tena Februari 2002.

Nyuma zaidi ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kulikuwa na mtandao wa HealthNet uliowahudumia madaktari wa nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, kwa setilaiti ndogo iliyopita angani mara chache kwa siku. Barua ilisubiri kituoni, ikadakwa setilaiti ilipopita, ikaenda kushushwa kwingine. Tabia hiyo ya kupokea, kuhifadhi na kupeleka mbele ingali ndiyo roho ya barua pepe hadi leo, na tutaiona ikiokoa jahazi huko mbele.

Seva husema kwa nambari, nawe unaweza kujibu kwa mkono

Lugha ya seva za barua, SMTP, iliandikwa na Jon Postel na kuchapishwa Agosti 1982, na ilitungwa iweze kusomeka na binadamu. Fungua dirisha la amri, jiunge na seva yako kupitia mlango nambari 25 (mafundi husema poti), uanze kuandika. Mstari wenye nambari ni wa seva, mwingine ni wako:

220 nyali.example
EHLO kisauni.example
250 Ok
MAIL FROM:<asha@kisauni.example>
250 Ok
RCPT TO:<juma@nyali.example>
250 Ok
DATA
354
Habari za Nyali? Nakuja Jumamosi.
.
250 Ok

Hiyo ndiyo barua pepe yote, imekwisha. EHLO ni hodi, na 250 ni karibu. Asiyebisha hodi vizuri hafunguliwi. Nukta iliyokaa peke yake kwenye mstari ndiyo inayoiambia seva kwamba maneno yameisha. Na kama ndani ya barua kuna mstari wenye nukta tupu, programu inayotuma huongeza nukta ya pili kimyakimya, na inayopokea huiondoa, ili barua isikatwe katikati. Watu wanaandikiana miaka na miaka bila kujua kwamba kuna nukta zinazopewa ulinzi wa namna hiyo.

Kwa mwenye kutafuta hitilafu, dhahabu iko kwenye tarakimu ya kwanza ya jibu. Ikiwa ni 2, mambo yamekubaliwa. Ikiwa ni 4, maana yake ni baadaye: sanduku limejaa, seva imelemewa, au haikufahamu bado. Ikiwa ni 5, imekataliwa kabisa na hakuna haja ya kurudia. Fundi anayeona 450 hukaa akasubiri, na anayeona 550 huanza kazi mara moja. Nimeona watu wakivunja na kujenga upya seva nzima kwa ajili ya nambari iliyoanza na 4, ambayo ingepona yenyewe kabla ya adhuhuri.

(Kikoa cha .example kilichotumika hapo juu kilitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya mifano tu, na hakitauzwa kwa mtu yeyote.)

Barua iliyogoma kuvuka kilomita 800

Katikati ya miaka ya 1990, mkuu wa idara ya takwimu ya chuo kikuu kimoja cha North Carolina, Marekani, alimpigia simu msimamizi wa mitambo, Trey Harris, akamwambia: barua zetu haziendi mbali zaidi ya maili 500. Msimamizi akadhani haya ni maneno ya asiyejua kompyuta. Lakini watakwimu ni watakwimu. Walikuwa wamekwisha kukusanya data na kuchora ramani. Akajaribu mwenyewe. Barua ya karibu ikafika. Ya mbali kidogo ikafika. Iliyovuka maili 500 na ushei, yaani zaidi ya kilomita 800, ikagoma, na ikagoma kila mara.

Kiini kilikuwa hiki. Fundi wa kukodiwa alikuwa amesasisha mfumo wa seva, na bila kukusudia akairudisha programu ya barua, Sendmail, kwenye toleo la zamani. Toleo hilo halikuyaelewa mafaili mapya ya mipangilio, likayaruka, na muda wa kusubiri jibu kutoka seva ya pili ukawa sifuri. Kwenye mashine ile, sifuri hiyo ilitoka kama milisekunde 3. Sasa piga hesabu: katika milisekunde 3 mwanga husafiri karibu kilomita 900. Seva iliyo nje ya duara hilo jibu lake halikuwahi.

Tuichore ramani hiyo hapa kwetu, kwa mstari ulionyooka kutoka Nyali. Zanzibar iko ndani, kama kilomita 240. Dar es Salaam iko ndani, kama 310. Nairobi iko ndani, kama 440. Kampala, iliyo kama 920, ingebaki nje kwa kukosa kilomita chache tu, na Waganda wangeshindwa kupata barua kutoka Mombasa kwa sababu ya kasi ya mwanga! Kinachonifurahisha zaidi kwenye kisa hiki ni wale watakwimu: hawakusema tu kwamba barua pepe imeharibika. Walipima, wakaja na umbali, na umbali ndio uliofichua kila kitu.

Stima ikipotea, barua haipotei

Kanuni za SMTP zinaitaka seva inayotuma iendelee kujaribu kwa angalau siku nne hadi tano kabla ya kukata tamaa na kumrudishia mwandishi barua yake. Pendekezo ni kusubiri nusu saa au zaidi kati ya jaribio moja na jingine. Kwa hiyo stima ikienda Nyali Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, barua za wikendi zinakuwa salama mikononi mwa waliozituma, na zitaanza kumiminika muda mfupi baada ya seva kuamka. Simu ya mkononi isiyopatikana hupitwa na simu yake. Sanduku la barua halipitwi.

Jambo hili limewakuta hata wakubwa. Seva ya nyumbani iliyozungumziwa kuliko zote duniani, ile ya Hillary Clinton akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, ilizimika kwa siku kadhaa baada ya kimbunga Sandy kukata umeme eneo la New York mwishoni mwa Oktoba 2012.

Stima ikirudi, saa nayo imepotea

Kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, kipenzi cha mafundi wa nyumbani tangu ilipotoka Uingereza mwaka 2012, haikuwekewa saa yenye betri hadi toleo la tano, na hata hilo betri yake hununuliwa kando. Ikizimika na kuwaka, huamini kwamba wakati umesimama pale ilipozimika, mpaka iulize mtandao.

Udogo wa jambo hili unadanganya. Mawasiliano salama hutegemea vyeti vyenye tarehe, na vyeti vya bure vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na watu wengi sana, vimezoeleka kuishi siku 90 tu. Seva yenye saa ya nyuma itakiona cheti kipya kuwa hakijaanza kutumika, na itakikataa. Barua zinakwama, mwenye seva anabadilisha nenosiri mara tatu, kumbe kosa ni la saa. Kabla ya kugusa chochote baada ya stima kurudi, andika amri ya kuonyesha tarehe. Ukiona +0300 mwishoni na dakika zimekaa sawa, endelea na mengine. (Na kama ulidhani +0300 imekuwako tangu azali: kabla ya uhuru kuna kipindi Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45.)

Anwani uliyonayo huenda si yako

Anwani zote za IP za mtindo wa zamani ni 4,294,967,296, na binadamu tumeshapita bilioni 8. Afrika hugawiwa zake na AFRINIC, iliyo Morisi. Kwa kuwa hazitoshi, kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, na mwaka 2012 zilitengwa anwani 4,194,304 mahususi kwa ajili ya kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127.

Ingia kwenye ruta yako uone anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianza na nambari za kundi hilo, au ikitofautiana na ile inayoonekana na ulimwengu, basi hakuna barua itakayokufikia hata ukikesha mwaka mzima ukihariri mafaili. Huo si ubovu wa seva. Dawa ni kuomba anwani ya kudumu ya hadharani, ambayo kwa kawaida hulipiwa zaidi, au kukodi seva ndogo kwingine na kupitisha barua humo hadi nyumbani.

Umewekwa kwenye orodha kabla hujatenda kosa

Barua taka ya kwanza inayokumbukwa ilitumwa mwaka 1978 na Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC, kwa watu karibu 400 kwa wakati mmoja. Malalamiko yalikuwa makali. Leo shirika la Spamhaus, lililoanzishwa na Steve Linford mwaka 1998, lina orodha maalumu ya anwani za majumbani ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja, hata kama mwenyewe hajawahi kumkosea mtu. Mtandao wa nyumbani Nyali waweza kuwa humo tangu siku ulipounganishwa.

Namna ya kuuliza ndiyo inayopendeza. Anwani hupinduliwa. Kama ni 203.0.113.7, swali linakwenda likiwa 7.113.0.203, kwa sababu majina ya mtandao husomwa kuanzia kulia, penye kubwa, ilhali anwani huanza na kubwa kushoto. Ukijibiwa 127.0.0.10 au 127.0.0.11, umo kwenye orodha ya majumbani. Usipopata jibu lolote, furahi.

Kwa sababu hiyohiyo ya taka, kampuni nyingi za intaneti hufunga mlango nambari 25 kwa wateja wa nyumbani. Dalili yake ni kimya: jaribio la kutuma linaning'inia, halikatai wala halikubali, mpaka muda unakwisha. Nambari 587, iliyotengwa mwaka 1998 kwa ajili ya wenye akaunti kutuma barua zao, kwa kawaida huachwa wazi, na wengi hupitia huko hadi kwenye seva ya kukodi inayozisukuma mbele.

Jina la kinyumenyume, lisilo mikononi mwako

Unaweza kununua kikoa chako, ukakilipia, ukakipangia kila kitu, lakini kuna rekodi moja huwezi kuiandika: ile inayosema anwani hii ya IP ni ya nani. Hiyo huandikwa na mwenye anwani, yaani kampuni inayokupa intaneti. Seva kubwa huitazama kabla ya yote. Anwani lazima itaje jina, na jina lirudi kwenye anwani ileile. Tangu Februari 2024 Google inaidai kwa kila anayewatumia barua wateja wake wa Gmail, awe anatuma moja au milioni.

Programu mbili

Wengi hudhani seva ya barua ni programu moja. Kwa kawaida ni mbili. Moja hupokea na kutuma, mfano Postfix, aliyoiandika Mholanzi Wietse Venema akiwa IBM na kuitoa 1998. Ya pili hutunza masanduku na kuyafungulia simu yako, mfano Dovecot ya Mfini Timo Sirainen, ya mwaka 2002. Kwa hiyo kumbukumbu za seva zikionyesha barua imeingia, na simu haioni kitu, usisumbuke na ya kwanza. Mara nyingi hizo mbili zimekubaliana juu ya kila jambo isipokuwa folda ya kuweka barua.

Muhuri mrefu kuliko mstari wake

Saini ya DKIM, inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako na haikuguswa njiani, hutegemea ufunguo unaouchapisha hadharani kwenye rekodi za kikoa. Ufunguo wa kisasa wa biti 2,048 una herufi karibu 400. Rekodi hizo, zilizobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, haziruhusu kipande cha maneno kizidi herufi 255. Ufunguo lazima ukatwe vipande viwili ndani ya alama za nukuu, na atakayeubandika mzima ataona saini zake zote zikikataliwa huku kila kitu kikionekana sahihi machoni.

Ndugu yake SPF, inayotaja ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako, nayo ina kikomo chake: anayeisoma asilazimike kuuliza maswali zaidi ya 10. La 11 likihitajika, rekodi nzima huhesabiwa kuwa mbovu.

Njoo baadaye

Mwaka 2003 Evan Harris alipendekeza mbinu nyepesi kupita kiasi ya kupambana na taka: mgeni yeyote wa mara ya kwanza aambiwe arudi baadaye. Seva ya kweli, kwa kutii kanuni ile ya siku nne hadi tano, itarudi. Programu za taka za wakati ule zilikuwa na haraka, hazikurudi. Ndiyo maana barua ya kwanza kutoka kwenye seva yako mpya yaweza kuchukua dakika kadhaa hata robo saa, na ya pili ikaingia papo hapo. Ukiona 450 au 451 kwenye kumbukumbu, umeombwa adabu tu.

Picha ya MB 20 haiwi MB 20

Tarehe 11 Machi 1992, Nathaniel Borenstein alituma kiambatisho cha kwanza cha mfumo wa MIME tunaoutumia hadi leo: picha na sauti za kikundi chake cha waimbaji wanne. Lakini barua pepe ilizaliwa kubeba maandishi tu, na picha hadi leo hugeuzwa kuwa herufi ili isafiri: kila baiti tatu huwa herufi nne. Kwa kujumlisha na alama za mwisho wa mstari, faili la MB 20 hufika likiwa na zaidi ya MB 27. Kwa anayetuma kutoka kwake, Gmail hukomea MB 25. Picha za harusi zikirudi na malalamiko ya ukubwa wakati faili ni dogo kuliko kikomo, hesabu ni hiyo.

Soma kuanzia chini

Kila seva inayoishika barua hugonga mhuri wake wa saa juu kabisa ya mihuri iliyotangulia. Kwa hiyo historia ya barua husomwa kutoka chini kwenda juu. Fungua barua iliyochelewa, tazama vichwa vyake kamili, anza na mstari wa chini wa Received na upande nao. Pengo la saa tatu kati ya mihuri miwili linakuonyesha ni kwa nani barua ililala, na mara nyingi si kwako.

Bahari iko ndani ya soketi

Upepo wa kusi unaoburudisha vibaraza vya Nyali hubeba chumvi, na chumvi pamoja na unyevu hula shaba. Chomoa waya wa mtandao uliokaa miaka miwili karibu na dirisha linaloangalia bahari, uushike mbele ya mwanga: kwenye meno yale manane ya dhahabu, ambayo dhahabu yake ni ganda jembamba tu, utaona vidoa vya kijani pale ganda lilipochubuka. Seva yenye jino moja bovu haifi. Inapunguza kasi, inakatika na kurudi, na barua kubwa zinashindwa wakati ndogo zinapita, mambo yanayomfanya mtu ashuku programu kwa mwezi mzima. Badilisha waya kwanza. Ni shilingi chache. Kadi ndogo ya kumbukumbu nayo ina umri wake, maana seva ya barua huandika usiku na mchana, kwa hiyo hamishia masanduku kwenye diski ya SSD mapema.

Usiwe msamaria wa wezi

SMTP ya 1982 haikuwa na nenosiri. Seva yoyote ilikubali kubeba barua ya yeyote kwenda kwa yeyote, kwa ukarimu uliozoeleka siku zile mtandao ulipokuwa na watu wachache waliojuana. Nenosiri liliingizwa rasmi kwenye kanuni mwaka 1999. Seva iliyopangwa vibaya ingali na ukarimu ule wa kale, na wenye taka huigundua haraka ajabu. Kipimo cha kwanza cha seva mpya, hata kabla ya kumwandikia ndugu yako, ni kujaribu ukiwa nje ya nyumba kuitumia kumpelekea mtu asiyekuwa wako barua bila kutoa nenosiri. Jibu unalolitaka ni 554, na siku hiyo tano ni habari njema.

Sanduku ambalo kila seva duniani lazima iwe nalo

Kanuni ya 1982, na zote zilizofuata, zinataka kila seva inayopokea barua za kikoa ikubali barua kwa jina postmaster, iwe kwa herufi kubwa au ndogo. Ni kwa ajili ya binadamu kumfikia binadamu. Seva fulani ikikataa barua zako na umekwisha kukagua saa, waya, anwani, jina la kinyumenyume na muhuri, mwandikie postmaster wa upande ule, umpe nambari ya jibu, tarehe na saa kamili, na anwani yako ya IP. Na hakikisha sanduku lako la postmaster linasomwa na mtu, kwa sababu huenda kuna fundi wa Kampala au Muscat anayetazama 550 iliyotoka Nyali, na anakutafuta wewe.